Tangazo langu lilikwenda wapi? Kompyuta inapokumbuka bila kuandika

Miezi michache iliyopita mzee mmoja alifika kituoni kwetu asubuhi na mapema, kabla mlango wa mapokezi haujafunguliwa. Tulimwamkia, akaitikia, tukamkaribisha kiti. Kisha akasema: "Wanangu, sikuja kudai fedha yangu. Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu. Tangazo langu lilikwenda wapi?"

Siku mbili kabla ya hapo alikuwa amefika na kulipia tangazo la msiba. Dada yake alikuwa amefariki. Tangazo lilitaja siku na mahali pa mazishi, na likataja majina ya ndugu walioko vijiji vya mbali. Mdogo wake wa mwisho anaishi kijiji ambacho mtandao wa simu hupatikana kwa kupanda kilimani, lakini redio inafika vizuri mpaka jikoni. Tangazo lilitakiwa kusomwa saa 1:15 usiku. Halikusomwa. Yule mdogo wake alifika msibani kaburi likiwa limeshafunikwa.

Tulimwomba radhi mzee palepale, na tukaomba radhi hewani. Lakini swali lake lilitaka jibu, na jibu la "umeme ulikatika" lilikuwa nusu tu ya ukweli. Ni kweli umeme ulikatika saa 11:40 jioni. Lakini jenereta liliwashwa baada ya dakika chache, kompyuta zikarudi, na programu yetu ya matangazo ikafunguka bila tatizo. Orodha ya matangazo ikatokea kwenye skrini, ikiwa tupu. Dada wa mapokezi alikuwa ameshatoka kazini. Mtangazaji wa zamu alitazama orodha, akaona hakuna tangazo, akaweka muziki.

Wasikilizaji wengi wametuuliza inawezekanaje kitu kilichoandikwa kwenye kompyuta kipotee chote namna hiyo. Katika makala haya tunaeleza kilichotokea. Tunaeleza pia ili wewe unayepimiwa mazao kwa mizani ya kompyuta, au unayeweka akiba kwenye kikundi kinachotumia programu ya simu, ujue swali la kuuliza.

RAM na memori ya simu yako

Ukienda dukani kununua simu, muuzaji hukutajia namba mbili. Atasema, kwa mfano, "RAM 2, memori 32". Wengi hutazama ile namba kubwa tu, kwa sababu ndiyo inayobeba picha, nyimbo na video. Namba ndogo ina kazi nyingine kabisa.

Memori, ambayo hapa tutaiita hifadhi, ni kama daftari. Unachoandika humo kinabaki hata ukizima simu, ukaitoa betri na kuiweka kabatini mwezi mzima. RAM ni kama ubao wa darasani. Mwalimu huandika hesabu, wanafunzi hufanya kazi, kengele ikilia ubao unafutwa. Programu yoyote unayoifungua kwenye simu hupandishwa ubaoni kwanza ndipo ifanye kazi. Ndiyo maana simu yenye RAM ndogo hukwama ukifungua vitu vingi kwa wakati mmoja: ubao umejaa.

Tofauti kubwa ni kwamba ubao wa darasani hufutwa na mtu, lakini RAM hujifuta yenyewe umeme ukiondoka. Ndani yake kila herufi na kila namba hushikiliwa na chaji ndogo sana za umeme zilizowekwa kwenye vyombo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Muundo huo ulibuniwa na mhandisi Robert Dennard wa kampuni ya IBM huko Marekani, na hataza yake ilitolewa mwaka 1968. Chaji hizo huvuja, kama maji kwenye ndoo yenye tundu. Kwa hiyo kompyuta inalazimika kuzijaza upya mara nyingi katika kila sekunde moja, kwa kawaida kila baada ya milisekunde 64. Umeme ukikatika hakuna wa kujaza, na ndoo zote zinakauka.

Mtu anaweza kuuliza: basi kwa nini kompyuta isiandike kila kitu kwenye daftari moja kwa moja? Sababu ni kasi. Kusoma kitu kwenye RAM huchukua kama nanosekunde 100. Kukitafuta kwenye diski ya zamani inayozunguka huchukua kama milisekunde 10, yaani mara laki moja zaidi. Kwa mfano wa kueleweka, kama RAM ingechukua sekunde moja kukujibu, diski hiyo ingekujibu kesho, baada ya saa zaidi ya 27. Hifadhi za kisasa zisizozunguka, kama ile iliyomo ndani ya simu, zina kasi kuliko diski hizo, lakini bado ziko nyuma sana ya RAM.

Jedwali la RAM ni kitu gani?

Programu inayotunza kumbukumbu za watu huziweka kwenye hifadhidata, na hifadhidata hupanga kumbukumbu hizo kwenye majedwali. Jedwali halina uchawi. Lile daftari la karani wa mizani lenye safu za jina la mkulima, tarehe, kilo na bei ni jedwali. Kila mkulima ana mstari wake.

Mara nyingi majedwali ya hifadhidata hukaa kwenye hifadhi, yaani kwenye daftari. Lakini mtengeneza programu anaweza kuiambia kompyuta: jedwali hili liweke lote kwenye RAM. Litakuwa na safu zilezile, litapokea mistari ileile, litajibu maswali yaleyale, tena kwa kasi kubwa. Ukilitazama kwenye skrini huwezi kulitofautisha na jedwali la daftari. Tofauti huonekana siku umeme unapokatika, au programu inapofungwa.

Hifadhidata inayotumika sana duniani kwa kazi ndogo na za kati inaitwa SQLite. Imo ndani ya kila simu ya Android na kila iPhone, na programu nyingi za simu huitumia kutunza kumbukumbu zake. Ilianzishwa mwaka 2000 na Mmarekani aitwaye Richard Hipp. Alikuwa akitengeneza programu ya kutumika kwenye meli ya kivita ya nchi yake, na programu hiyo ilitegemea seva ya hifadhidata. Seva ikizimika, programu nayo ilikuwa haina kazi. Hipp akaamua kutengeneza hifadhidata isiyohitaji seva, ambayo yote inakaa ndani ya faili moja. Aliitoa bure, na mpaka leo mtu yeyote anaweza kuitumia bila kulipa.

SQLite ina mlango mdogo wa kwenda kwenye RAM. Kwa kawaida mtengeneza programu huitajia jina la faili, kwa mfano matangazo.db, nayo huandika humo. Lakini mahali pa jina la faili akiweka neno hili:

:memory:

basi SQLite haitengenezi faili yoyote. Hifadhidata yote inakaa kwenye RAM. Mabadiliko ni ya neno hilo moja. Mistari mingine yote ya programu inabaki ilivyo.

Kwa nini watengeneza programu hulipenda

Kijana wetu wa mitambo alikuwa na sababu nzuri ya kutumia neno hilo. Alikuwa anaijenga programu ya matangazo kwenye kompyuta yake nyumbani, na mtu anayejenga programu hufanya majaribio mengi kwa siku. Huingiza tangazo la uongo, hulitafuta, hulibadilisha tarehe, hulifuta, huona kosa, hurekebisha, huanza tena.

Akifanya hivyo kwenye daftari la kweli, baada ya wiki daftari limejaa takataka: Fulani wa kwanza, Fulani wa pili, ng'ombe aliyepotea mara arobaini. Inabidi asafishe kila mara. Akisahau kusafisha, jaribio la leo linaharibiwa na mabaki ya jana, naye hukaa usiku kucha akitafuta kosa ambalo halipo.

Kwenye ubao hakuna shida hiyo. Kila programu inapowashwa, majedwali huundwa upya yakiwa safi. Anaingiza majina matano ya kubuni, anajaribu, anafunga, na kila kitu kimefutika. Majaribio mia moja hukamilika haraka. Tena hakuna hatari ya kufuta kumbukumbu za watu halisi kwa bahati mbaya, wala hakuna sababu ya kubeba majina na namba za simu za wasikilizaji kwenye kompyuta ya nyumbani kwa ajili ya kujaribia tu. Kwa kazi ya kujenga na kupima programu, jedwali la RAM ni chombo kizuri, na watengeneza programu duniani kote hufanya hivyo kila siku.

Kosa letu lilikuwa wapi

Programu ilipokamilika, kijana alihamisha kazi yake yote kwenye kompyuta ya mapokezi. Neno :memory: likahama nalo. Hakuna aliyelibadilisha kuwa jina la faili.

Kilichotupa usingizi ni kwamba programu ilifanya kazi. Matangazo yaliingizwa mchana, yakasomwa usiku. Kompyuta ilizimwa usiku, na asubuhi orodha ilikuwa tupu. Sisi tulidhani programu inajisafisha yenyewe ili kuanza siku mpya, na tulipenda jambo hilo. Kumbe ilikuwa inasahau. Kila usiku ilituonyesha ugonjwa wake, nasi tukauona kuwa ni unadhifu.

Kosa la pili lilikuwa letu sote, si la kijana. Programu ilipoanza kutumika tuliacha kuandika matangazo kwenye lile daftari kubwa la mapokezi. Kwa hiyo siku ile umeme ulipokatika, kitabu cha stakabadhi kilionyesha kwamba mzee amelipa, lakini maneno ya tangazo lake hayakuwepo mahali popote. Matangazo mengine mawili yalipotea pamoja nalo, moja la ng'ombe aliyepotea na lingine la mkutano wa kikundi cha akiba. Hayo yalisomwa kesho yake. La msiba halikuwa na kesho.

Kosa la tatu ni kwamba hatukuwahi kujaribu kuzima umeme. Tulijaribu kila kitufe cha programu ile isipokuwa kitufe cha ukutani. Katika mkoa ambao umeme hukatika mara kwa mara, hilo lilipaswa kuwa jaribio la kwanza.

Kwa hiyo jibu la swali la mzee ni hili: tangazo lake halikwenda mahali popote, kwa sababu halikuwahi kuandikwa. Kompyuta ilikuwa imelishika tu, kama mtu anayeshika ujumbe kichwani bila kuuandika, na umeme ulipokatika ikalisahau.

Jaribu mwenyewe kwenye simu

Vijana wengi wanaojifunza kutengeneza programu hawana kompyuta, lakini wana simu ya Android. Jambo hili unaweza kuliona kwa macho yako. Pakua programu iitwayo Termux, ambayo ni ya bure. Utahitaji bando wakati wa kuipakua na wakati wa amri ya kwanza hapa chini. Ikifunguka, andika:

pkg install sqlite

Ikimaliza, andika neno hili moja:

sqlite3

Kwa kuwa hukutaja jina la faili, SQLite inakufungulia hifadhidata ya RAM, na inakuonya kwa Kiingereza kwamba hifadhidata hiyo ni ya muda tu. Sasa unda jedwali na uingize mstari mmoja:

CREATE TABLE matangazo (jina TEXT, simu TEXT, ujumbe TEXT);
INSERT INTO matangazo VALUES ('Fulani', '07', 'Ng''ombe amepotea');
SELECT * FROM matangazo;

Mstari wa mwisho utakurudishia tangazo lako. Usishangae alama mbili kwenye neno ng'ombe. Alama moja ikikaa peke yake, SQLite hudhani maneno yamekwisha, kwa hiyo huandikwa mbili ili ijue kuwa ni sehemu ya neno. Sasa toka kwa kuandika .quit, kisha andika sqlite3 tena na uombe ule mstari wa mwisho. Utajibiwa kwamba jedwali hilo halipo. Hata mstari mmoja haukubaki, wala hukuhitaji umeme kukatika.

Rudia kazi yote, lakini safari hii anza kwa kutaja faili:

sqlite3 matangazo.db

Unda jedwali, ingiza mstari, toka, zima simu kabisa. Iwashe, fungua faili lile tena, uliza. Tangazo lako lipo. Na kama ulishaandika kwenye RAM ukajuta kabla ya kutoka, SQLite ina amri ya kunakili ubao wote kwenda kwenye daftari: .save matangazo.db. Amri hiyo inafaa tu ukikumbuka kabla ubao haujafutika.

Mambo manne yanayowakwaza wanaoanza

La kwanza, RAM haisubiri umeme ukatike. Kwenye SQLite, jedwali la RAM huondoka pale muunganisho kati ya programu na hifadhidata unapofungwa. Programu ikikwama na kufungwa na simu yenyewe, kila kitu kimekwenda.

La pili, kila muunganisho una ubao wake. Sehemu mbili za programu zikifungua :memory: kila moja kivyake, moja ikiandika, nyingine itaona jedwali halipo. Ni kama makarani wawili, kila mmoja na ubao wake chumbani. Ipo njia ya kuwafanya washirikiane ubao mmoja, lakini ni ndani ya programu moja tu. Kompyuta mbili tofauti haziwezi kushirikiana ubao huo.

La tatu, ubao wa majaribio usitofautiane sana na daftari la kazi. Baadhi ya watu hujaribu kwa SQLite ya RAM, kisha hufanyia kazi kwenye hifadhidata nyingine kama MySQL. SQLite ina upole mwingi. Ukiiambia safu ipokee herufi zisizozidi 10, itapokea hata 50 bila kulalamika, wakati MySQL kwa mpangilio wake wa kawaida itakataa. Majaribio yanapita, kazi halisi inakwama.

La nne ni la namba za simu. Kijana anayeanza huona namba ya simu ni namba, akaitengenezea safu ya namba. Kompyuta haioni maana ya sifuri ya mwanzo, kwa hiyo namba inayoanza na 07 inatunzwa ikianza na 7. Namba ya simu iwekwe kama maandishi, ndiyo maana kwenye mfano wetu tumeandika TEXT.

RAM kwenye kazi halisi

Tusije tukaeleweka kwamba RAM haifai isipokuwa kwa majaribio. Zipo kazi za kweli ambazo hufanyika humo, mradi mtu ajue anachopoteza.

MySQL ina aina ya jedwali iitwayo MEMORY, ambayo zamani iliitwa HEAP. Seva ikizimwa na kuwashwa, jedwali linabaki na safu zake, ila mistari yote inaondoka. Ni kama daftari jipya lenye mistari iliyochorwa, lisilo na jina la mtu. Kwa kawaida halikui kupita MB 16 mpaka msimamizi abadilishe mpangilio, na halipokei maandishi ya aina ya TEXT. Microsoft nao, kuanzia toleo la mwaka 2014 la SQL Server, waliweka majedwali ya RAM ambayo mtumiaji huchagua mwenyewe: kumbukumbu ziandikwe pia kwenye diski, au ubaki umbo la jedwali tu.

Redis, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Mtaliano Salvatore Sanfilippo, hufanya kazi yote kwenye RAM lakini inaweza kuandika pembeni. Inaweza kupiga picha ya ubao kila baada ya muda, au kuandika kila amri kwenye faili inapofika. Kwa mpangilio wa kawaida wa njia hiyo ya pili, umeme ukikatika unapoteza kazi ya kama sekunde moja. Kwa kuhesabu watu wangapi wanasikiliza redio kwa njia ya intaneti sasa hivi, sekunde moja si kitu. Kwa fedha za mtu au tangazo la msiba, hata sekunde moja ni nyingi.

Hata sisi kituoni tumebakiza jedwali moja la RAM. Ni la foleni ya wapiga simu wakati wa kipindi: nani yuko laini ya kwanza, nani anasubiri. Umeme ukikatika simu nazo zinakatika, kwa hiyo orodha ile haina faida tena. Kitu ambacho maana yake inaisha pamoja na umeme ndicho kinachofaa kukaa ubaoni.

Wewe msikilizaji unaijua tofauti hii kwa mikono yako. Ukipiga menyu ya nyota na reli kutuma fedha, hayo ni mazungumzo ya moja kwa moja kati ya simu yako na mtandao. Mtandao ukikatika katikati, menyu haikusubiri, unaanza mwanzo. Lakini SMS uliyotumiwa wakati simu yako imezimwa hutunzwa kwenye mtambo wa kampuni ya simu kwa muda, na hukufikia ukiwasha. Menyu hushikwa, SMS huandikwa. Kwa hiyo menyu ikikatika baada ya kuweka namba ya siri, usirudie haraka. Amri yako inaweza kuwa imekwisha kuandikwa upande wa pili. Tazama salio kwanza, au subiri ujumbe wenye namba ya muamala.

Tulichobadilisha, na swali la kuuliza

Programu yetu sasa inaandika kwenye faili. SQLite ina utaratibu wa kutunza nakala ya kilichokuwepo kabla ya kubadilisha chochote, ili umeme ukikatika katikati ya kuandika irudi kwenye hali ya mwisho iliyokuwa sawa. Jina la faili tumelitoa ndani ya programu na kuliweka kwenye faili la mipangilio. Programu ikiwashwa kwenye kompyuta ya mapokezi na kukuta neno :memory:, inakataa kufunguka na kuandika maandishi mekundu. Kila Jumatatu tunachomoa waya ukutani makusudi, tukiwa tumeingiza tangazo la majaribio, kisha tunatazama kama lipo.

Daftari kubwa limerudi mapokezi. Mtangazaji wa zamu halitazami skrini peke yake, analitazama na daftari kabla ya saa 1:15. Nawe ukileta tangazo unapewa stakabadhi yenye namba ya tangazo, na namba hiyo hutolewa baada ya tangazo kuandikwa kwenye faili, si kabla. Ukiondoka bila namba, rudi dirishani uidai.

Fanya hivyo na kwingine. Karani akikupimia pamba au korosho kwa mizani ya kompyuta, subiri karatasi au ujumbe kabla hujaondoka na gunia tupu. Mhasibu wa kikundi chako akiingiza akiba yako kwenye simu yake, mwombe aifunge programu, aifungue tena mbele yako, akuonyeshe mstari wako. Ni jambo la nusu dakika. Huna haja ya kujua SQLite wala Redis. Uliza tu: imeandikwa, au imeshikwa?

Mzee tulimpelekea jibu hili nyumbani kwake, kwa mdomo, kabla ya kuliandika hapa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatuomba tusome tangazo la arobaini ya dada yake, na akataka aone likiandikwa. Tuliliandika kwenye daftari mbele yake, tukaliingiza kwenye programu, tukampa namba. Lilisomwa siku tatu mfululizo, na mdogo wake alifika mapema.